Mto Tana na Maziwa Yake: Historia ya Maji Yahamayo

Utangulizi

Historia ya mito ya Afrika Mashariki imeandikwa mara nyingi kama historia ya safari: nani alitangulia kufika kwenye chimbuko, nani aliupanda mkondo kwa merikebu ya moshi, nani alichora ramani. Maziwa madogo na mabwawa yaliyo kandokando ya mito hiyo hayakupewa nafasi kubwa katika maandishi hayo. Yalihesabiwa kuwa masalio ya maji yasiyo na faida, makazi ya mbu na viboko. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kuuchukua Mto Tana kuwa mfano, kwamba mto na maziwa yake ni kitu kimoja, na kwamba yeyote aupimaye mto kwa mkondo wake peke yake hukosea hesabu. Kosa hilo limegharimu mali nyingi katika Tana ya chini, na mara nyingine limegharimu maisha ya watu. Ushahidi utatolewa kutoka pande mbili, yaani tabia ya maji yenyewe na lugha za watu waishio nayo.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Urefu wake ni takriban kilomita 1,000. Chimbuko lake liko katika milima ya Nyandarua na katika Mlima Kenya, inakoanzia mito ya Chania, Thika, Maragua, Mathioya, Sagana na Thiba. Kutoka huko maji huelekea mashariki na kaskazini-mashariki mpaka karibu na ikweta, kisha hupinda kusini, yakapita Garissa, Hola na Garsen, na hatimaye kuingia katika Bahari ya Hindi kwenye Ghuba ya Ungwana, karibu na Kipini.

Yafaa ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya safari hiyo hupita katika nchi kavu. Kuanzia Garissa kwenda chini mto hauongezewi maji na kijito chochote cha kudumu. Hupokea tu maji ya muda ya makorongo yanayojaa mvua inyeshapo na kukauka baada ya siku chache. Kwa sababu hiyo, mkulima wa Garsen huweza kuyaona maji yakipanda hali mbingu juu yake haina wingu hata moja. Mvua inayomfikia ilinyesha Murang'a au Meru siku nyingi zilizopita. Kwa desturi mafuriko hayo huja mara mbili kwa mwaka, mara moja kwa masika, kilele chake kikiwa mwezi wa Mei, na mara ya pili kwa vuli, mwezi wa Novemba na Desemba. Katika nchi ya namna hii gharika si balaa tupu. Ndiyo mvua ya watu wasio na mvua.

Jinsi mto uzaavyo ziwa

Maji ya mto yanapopita katika nchi tambarare hayaendi moja kwa moja. Kila penye kipingamizi kidogo, kama vile gogo, jiwe au udongo mgumu, mkondo huinama upande mmoja, na pindi uinamapo huanza kujiongezea mpindo. Maji ya upande wa nje wa mpindo hukimbia kwa kasi na kuimomonyoa kingo. Yale ya upande wa ndani huenda polepole, yakatua mchanga na tope. Hivyo kingo moja huliwa na nyingine hujengwa. Mwaka hadi mwaka mpindo huzidi kuwa mkubwa, hata shingo ya ardhi inayotenganisha mwanzo wake na mwisho wake ikawa nyembamba sana.

Ndipo hutokea gharika kubwa. Maji yaliyochoshwa na njia ndefu ya kuzunguka huipasua shingo hiyo na kupita moja kwa moja. Mpindo wa zamani huachwa kando. Miisho yake miwili huzibwa na mashapo, na kinachobaki ni ziwa jembamba lenye umbo la mwezi mwandamo. Ziwa hilo ni mto uliokuwapo, uliotengwa na mto uliopo. Maziwa kama Shakababo na Bilisa, katika nyanda za chini za Tana, hupokea uhai wao kutoka kwa mto kwa njia hii: hayana chemchemi kubwa wala mto wake mwenyewe, bali hungoja gharika iwarudishie maji, mashapo mapya na mbegu ya samaki.

Umri wa ziwa la aina hii si wa milele. Kila gharika huliletea maji, lakini pia huliletea tope, na tope likizidi ziwa hugeuka kinamasi, kinamasi kikageuka bonde la udongo mweusi lifaalo mpunga. Wakati huohuo, mahali pengine, mto huwa unapinda upya na kuandaa ziwa jingine. Kwa hivyo idadi ya maziwa hudumu ingawa ziwa moja moja hufa, maadam mto umeachiwa nafasi ya kufurika na kuhama. Mto ukizuiwa kufurika, maziwa yaliyopo huzeeka bila ya kuzaliwa mengine.

Viumbe wa mahali hapo wameumbika kulingana na mwendo huo. Kamongo hujizika katika tope ziwa likaukapo, akangoja maji yarudi. Kambare na perege huingia maziwani wakati wa gharika, wakazaliana katika maji yaliyotulia, na gharika ifuatayo huwarudisha baadhi yao mtoni. Misitu myembamba iliyo kingoni, yenye mikuyu, mikoma na mikindu, haiishi kwa mvua bali kwa maji ya mto yanayopenya ardhini. Katika misitu hiyo wamo mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana, ambao hawaishi porini mahali pengine popote duniani. Hifadhi ya kuwalinda ilianzishwa mwaka 1976. Nyanda za delta nazo ziliorodheshwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, eneo la hekta zipatazo 163,600.

Ushahidi wa lugha

Mwanafunzi wa lugha ana sababu ya pekee ya kuiangalia mito ya pwani ya Kenya. Kiswahili, Kipokomo, Kielwana, lugha za Kimijikenda na za Komoro ni za kundi moja ambalo wanaisimu wameliita Sabaki, yaani jina la mto. Utafiti mkubwa wa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch juu ya kundi hilo ulichapishwa mwaka 1993. Kabla yao, katika miaka ya 1890, mmisionari Mjerumani Ferdinand Würtz alikuwa amekwisha chapisha msamiati na sarufi ya Kipokomo. Ukaribu wa Kipokomo na Kiswahili hausikiki katika maneno ya nyumbani tu. Wapokomo hujigawa kuwa Wantu wa Dzuu na Wantu wa Nchini, na Mswahili hahitaji mkalimani kutambua kwamba dira inayowagawa ni mtiririko wa maji: wako wa juu ya mto na wako wa chini yake.

Kiswahili chenyewe hakina neno moja la maji yaliyotulia. Liko ziwa, liko bwawa, liko dimbwi na kidimbwi, liko lambo, kiko kinamasi. Maneno haya hayakuwekwa ovyo. Lambo ni shimo lililochimbwa na mtu ili kukinga maji. Dimbwi ni maji yaliyosalia baada ya mvua au mafuriko, yasiyotarajiwa kudumu. Ziwa hudumu, na katika matamshi hufanana na ziwa la mama, wingi wake ukiwa maziwa katika maana zote mbili. Si lazima maneno hayo yawe na asili moja, lakini sikio la msemaji huyasikia pamoja.

Neno lenye mafunzo zaidi ni bwawa. Katika kamusi za nusu ya kwanza ya karne ya 20, bwawa ni ardhi iliyofunikwa na maji, mahali pa matete na tope, kitu kilichofanywa na mto wenyewe. Leo msemaji wa Kenya asemapo bwawa la Masinga au bwawa la Kiambere, ana maana ya ukuta wa saruji pamoja na maji yaliyozuiwa nyuma yake. Neno lililotaja maji ambayo mto umeyaacha limekuja kutaja maji ambayo mto umenyang'anywa. Si kosa la lugha; lugha hufuata mambo ya watu. Lakini mabadiliko hayo yanafupisha historia nzima ya Tana katika karne iliyopita.

Kutoka upande wa wafugaji yamekuja maneno mengine. Laga, neno la Kioromo, limeingia katika usemi wa Wakenya kwa maana ya korongo la maji ya msimu. Malka, ambalo pia ni la Kioromo, ni kivuko au mahali pa kunyweshea, na katika Tana ya chini hutaja pia njia ambayo mifugo huifuata kupita katikati ya mashamba hadi mtoni. Neno hili dogo limebeba sheria nzima ya ardhi, kama itakavyoelezwa.

Watu na maji

Wapokomo wamelima kingo za Tana kwa karne nyingi. Mahali palipoinuka, ambapo mafuriko yenyewe yamejenga tuta la mashapo, hujengwa vijiji na kupandwa migomba na miembe. Katika mabonde yaliyo nyuma ya tuta hupandwa mpunga maji yaingiapo. Maji yapunguapo, mahindi hufuata udongo wenye unyevu. Kwa desturi ardhi ya ukoo haikukatwa kwa kufuata kingo, bali ilikatwa kwa vipande vinavyotoka mtoni kuelekea nyika, ili kila ukoo upate mto, tuta, bonde na ziwa. Katika mpango huo hakuna aliyeachiwa maji bila ya ardhi au ardhi bila ya maji. Mto ulipohama, watu walihama nao. Kijiji kilikuwa mali ya ukoo, lakini mahali pake palikuwa mali ya mto. Mambo ya namna hiyo yaliamuliwa na baraza la wazee liitwalo gasa. Sauti ya maisha hayo ilifika mbali kuliko wengi wanavyojua, kwani lahani ya Wimbo wa Taifa wa Kenya wa mwaka 1963 ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea watoto.

Waorma ni wafugaji. Wakati wa mvua mifugo yao huenda nyika. Wakati wa ukame hurudi penye majani mabichi ya delta na kandokando ya maziwa. Kwa muda mrefu mapatano yalikuwa kwamba mifugo huingia baada ya mavuno, ikapita katika malka, ikanywa, ikala mabua na kuacha samadi. Mapatano hayo hayakuwa na utulivu wa daima, na ugomvi ulikuwapo. Hata hivyo yalisimama juu ya jambo moja walilolijua wote, nalo ni kwamba maji hayakai mahali pamoja, wala ardhi ya mto haiwezi kuwa ya mtu mmoja mwaka mzima.

Mto ulivyojibu

Waswahili husema maji hufuata mkondo. Katika Tana mkondo nao hufuata maji, na wenye kuusahau ukweli huo wamejibiwa na mto wenyewe.

Jibu la kwanza lilitoka delta. Zamani Tana iliingia baharini kusini zaidi, na Ozi, ambao kingoni mwake masimulizi yanamweka Fumo Liyongo, ulikuwa mto mdogo wa peke yake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, zama za watawala wa Witu, ulikuwapo mfereji mwembamba mahali paitwapo Belazoni, uliounganisha mito hiyo miwili ili mitumbwi ya mpunga na mazao mengine ipite kwa urahisi kuelekea Kipini na Lamu. Waliouchimba walihitaji njia ya mtumbwi. Gharika ziliupanua, na hatimaye Tana yenyewe ikageuka na kupita humo, ikatokea baharini kwa mlango wa Ozi. Hivyo jembe la mkono lilihamisha mlango wa mto mkubwa kuliko yote nchini.

Jibu la pili lilitoka Hola. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha huko mradi wa umwagiliaji kwa kutumia nguvu za wafungwa wa vita vya Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa waliokataa kazi ya kulazimishwa walipigwa na walinzi, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Uchunguzi ulithibitisha kwamba waliuawa kwa kupigwa. Maji yaliyosingiziwa mauaji yale ndiyo yaliyokuwa yakitafutiwa mifereji. Baada ya uhuru mradi uliendelea kwa miaka mingi, hadi mwaka 1989 mto ulipohama na kuiacha mitambo ya kusukumia maji mahali pakavu. Mashamba yalikufa na wakulima walikaa miaka mingi bila ya maji kabla mradi haujafufuliwa. Aliyeijua tabia ya mipindo iliyoelezwa hapo awali hangeshangaa: mto ulifanya Hola kile ulichokifanya mahali pote ulipozaa ziwa.

Katika Bura, ambako wakulima wa kwanza waliletwa mwaka 1981, maji yalitegemea pampu za dizeli, na gharama zake pamoja na kuharibika kwake viliangusha mavuno na kuwatia wakulima katika umaskini. Karibu na bahari, mradi mkubwa wa mpunga wa delta uliwekewa kuta za kuzuia mafuriko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilivunja kuta hizo na kuuangamiza.

Jibu la nne bado linatolewa polepole. Mabwawa ya umeme yalijengwa moja baada ya jingine katika mkondo wa juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Masinga, lililo la juu kuliko yote hayo, liliundwa kuhifadhi maji yapatayo mita za ujazo bilioni 1.5. Faida yake si ndogo, kwani kwa muda mrefu mabwawa hayo yalikuwa tegemeo kubwa la umeme wa Kenya. Lakini sehemu ya gharika ya masika hubaki huko juu, na mashapo mengi hutua nyuma ya kuta. Gharika za kati, zile zilizozoea kuyajaza maziwa na mabonde ya mpunga bila ya kubomoa vijiji, zimepungua. Gharika kubwa kabisa, ambazo bwawa likijaa haliwezi kuzizuia, zinaendelea kuja, kama zilivyokuja mwaka 2018 na tena mwishoni mwa 2023 na katika 2024. Hivyo watu wa chini wamepunguziwa mafuriko waliyoyahitaji, wakaachiwa yale waliyoyaogopa.

Ugomvi wa maji machache

Mambo haya hayakai katika vitabu vya jiografia peke yake. Ziwa likizeeka bila ya kujazwa, mkulima husogeza shamba lake karibu na mkondo ili apate unyevu, na pengine shamba hilo huziba malka. Bonde lisipofurika, majani hupungua, na mfugaji huingia kabla ya mavuno. Kila mmoja humwona mwenziwe mvunja mapatano, ilhali mapatano yenyewe yalijengwa juu ya gharika ambayo haiji tena kwa wakati wake. Kuongezeka kwa watu, bunduki, siasa za uchaguzi na tamaa ya hatimiliki vimeongezea moto huo kuni. Damu ilimwagika mwaka 2001, na kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika vijiji vya delta, wakiwamo wanawake na watoto.

Ingekuwa kosa kusema kwamba mto uliwaua. Watu waliuana, na wenye kuwachochea walikuwa na majina. Lakini ni kosa lilelile kuueleza ugomvi huo kuwa chuki ya kale kati ya mkulima na mfugaji. Palipokuwa na gharika ya wastani, ziwa hai na malka wazi, jamii hizo mbili zilikuwa na sababu ya kupatana kila msimu. Sababu hiyo iliondolewa kidogo kidogo, na aghalabu iliondolewa na watu waishio mbali, ambao hawakuulizwa habari ya malka wala hawakuwahi kulisikia neno lenyewe.

Tamati

Maji ya Ndakaini, bwawa lililokamilika mwaka 1994 katika Mto Thika, hulisha sehemu kubwa ya jiji la Nairobi. Kwa hiyo mkazi wa Nairobi afunguaye bomba asubuhi anakunywa kutoka katika Tana sawasawa na mvuvi wa Shakababo, ingawa yeye hutangulia kunywa. Wa dzuu na wa nchini si Wapokomo peke yao. Mgawanyo huo sasa ni wa taifa zima, na wa juu ndio wenye mkono juu ya kilango cha maji.

Yako mambo mawili yatokanayo na maelezo haya. La kwanza ni la wahandisi na watawala: maji yaachiwayo kupita katika mabwawa yapangwe yakizingatia gharika ya Mei na ya Novemba, ili maziwa na mabonde ya chini yapate haki yake kwa wakati wake, na mitambo isijengwe mahali ambapo mto umeonyesha dalili za kuhama. La pili ni la wanafunzi wa lugha. Msamiati wa maji wa Kipokomo, Kielwana na Kiorma, yaani majina ya mipindo, maziwa, vivuko, tope na misimu ya gharika, ukusanywe kutoka kwa wazee wa gasa na wafugaji wangali hai. Ramani huonyesha mto ulipo siku ile iliyochorwa. Majina hayo huonyesha ulikopita, na mara nyingi huonya utakakorudi.